Ndege wa Januari, Majina Mawili

Edwin Threlfall hakuwa na gari. Hakuwa na simu ya kupigia picha, wala ile darubini ndefu ya miguu mitatu ambayo wageni wa Jumamosi huja nayo begani kama mafundi wenye ngazi. Hakuwa na meno ya juu yaliyo yake mwenyewe. Hakuwa na sauti nyembamba za dunia: daktari wa masikio alimchorea mstari kwenye karatasi, ukaenda sawasawa kisha ukaporomoka, akamwambia kwamba kuanzia hapo, mzee, huko juu hakuna kitu tena. Hakuwa na Ronnie Aspinall, aliyezikwa miaka sita nyuma. Na hakuwa na mfumamfuko.

Hilo la mwisho lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mkewe Maureen. Wengine wote waliamini vingine. Mfumamfuko ni ndege mdogo kuliko shomoro, mgongo rangi ya kutu, kichwa cha kijivu, na kinyago cheusi machoni. Hufuma kiota kinachoning'inia kama soksi iliyoanikwa. Si ndege wa kaskazini ya Uingereza. Lakini katika kitabu cha ndege cha kaunti, chini ya Januari 1985, iliandikwa kwamba mmoja alionekana Crannock Moss, kwenye matete nyuma ya mgodi, na waliomwona ni R. Aspinall na E. Threlfall. Ndege mmoja, majina mawili. Kwa kanuni ya wakati ule, jina moja lisingetosha.

Kibanda cha kutazamia ndege cha Crannock Moss ni cha mbao, chenye dirisha refu jembamba na benchi lililolainishwa na makalio ya miaka mingi. Jumatano moja ya Novemba Edwin alikuwa ameketi pembeni, mahali pake pa siku zote, na karibu naye Walter Pilling, mzee wa miaka themanini na mbili ambaye hakujua kutofautisha bata mmoja na mwingine na wala hakutaka kujifunza. Walter alifuata mazungumzo na chai. Zamani alikuwa kiongozi wa wagomaji langoni mwa mgodi. Sasa mgodi ni maji na matete, na pale palipokuwa lango watu huegesha magari.

"Yule nani?" aliuliza Walter.

"Bata."

"Bata namwona. Bata gani?"

"Mwenye mdomo kama koleo. Nilikwambia jana."

"Jana alikuwa na kichwa cha kijani."

"Huyu ni jike, Walter."

"Aa. Basi nisamehe. Siwezi kuwajua wake za watu wote."

Nyuma yao alisimama mgeni mmoja mwenye koti jipya, darubini yake imekwisha kusimama kwenye miguu yake mitatu na kuziba nusu ya dirisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Samahani, babu," alisema. "Wale ndege wadogo wenye sharubu wamejaa humu mbele kwenye matete. Wanalia kundi zima. Umewahesabu?"

Edwin aliyatazama matete. Yalikuwa yamesimama kimya. Asubuhi aliona wanane wakivuka uwazi, akawaandika ubaoni.

"Wanane," alisema.

"Wanane? Unawasikia kweli? Hawa hawapungui ishirini."

Mtu yule alikwenda kwenye ubao wa siku, akaifuta nane ya Edwin kwa kidole gumba, akaandika ishirini. Kisha akajipangusa kidole kwenye suruali. Kwa miaka thelathini na moja hakuna mtu mwingine aliyefuta kitu kwenye ubao ule isipokuwa Edwin mwenyewe, kila Jumapili, kwa kitambaa chenye maji.

"Mwache," Walter alinong'ona kwa sauti iliyosikika kibanda kizima. "Kanunua macho ya bei, lazima ayatumie."

Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Tobias Lathom, katibu wa kamati ya kumbukumbu za ndege ya kaunti, kijana mpole mwenye miwani iliyojaa ukungu. Alisalimu, akaketi ukingoni mwa benchi, akatoa karatasi mbili kwenye mkoba.

"Mzee Threlfall, nimefurahi kukukuta. Tunachapa kitabu kipya cha kaunti. Tunapitia kumbukumbu zote za zamani, moja moja. Yenu ya mfumamfuko ndiyo pekee, unajua, kwa hiyo tunaitazama kwa makini."

"Itazameni."

"Kuna jambo dogo. Kanuni ni kwamba kila shahidi aandike maelezo yake peke yake, bila kutazamiana. Yako na ya marehemu Bwana Aspinall yanafanana neno kwa neno." Alisita. "Hata hapa. Yeye ameandika 'miguu ya kahawia', akaikata 'kahawia', akaandika 'nyeusi'. Na wewe pia umeandika 'kahawia', ukaikata."

Edwin aliyatazama maandishi yake ya zamani. Yalikuwa mazuri, ya mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mtu mzima.

"Hatusemi mtu ni mwongo," Tobias aliongeza haraka.

"Hapana, mnasema kwa adabu tu," alisema Walter.

"Tunachoomba ni maelezo mapya, kwa maneno yako. Au kitu chochote kilichoandikwa palepale siku ile, daftari la mfukoni, mchoro. Tukipata kabla ya mwisho wa mwezi, ndege atabaki. Tusipopata, itabidi tumtoe."

"Mumtoe nani?"

"Ndege. Kitabuni. Itakuwa kama hakuja."

Walter alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kifuniko cha chupa. "Kama hakuja! Kijana, ulikuwa hujazaliwa. Ndege yule nakumbuka kuliko tarehe ya harusi yangu. Mimi nilikuwa langoni. Miezi kumi ya mgomo, watu wanakula viazi na chumvi, na asubuhi ile basi la wasaliti waliorudi kazini linapita, wavu wa chuma madirishani, watu wameinama ndani wamejifunika makoti. Mjinga mmoja ananiambia, 'Walter, nimemwona Ed Threlfall humo.' Nikamwambia nitakupasua. Lakini mtu akishasema, limesemwa. Kesho yake nikaenda kwa Ronnie. Ronnie akanionyesha daftari la kibanda. Saa mbili na nusu asubuhi, Aspinall na Threlfall, sahihi mbili, na ndege sijui wa wapi." Akampiga Edwin bega. "Ndege yule alimwokoa huyu, la sivyo tungemvunja miguu yote miwili."

Tobias alitabasamu kwa heshima. Hakujua atazame wapi.

"Na yule Len Gorse," Edwin alisema taratibu, bila kumwangalia Walter. "Aliyerudi kazini wiki ileile. Mlisalimiana baadaye?"

"Len nani?" alisema Walter.

"Len Gorse. Aliishi nyumba ya nne kutoka kwako."

"Nyumba ya nne kutoka kwangu hapakuwa na mtu," alisema Walter, akamimina chai nyingine. Len Gorse alikuwa amemwamkia kila asubuhi kwa miaka thelathini bila kuitikiwa, akafa, na jeneza lake likabebwa na wafanyakazi wa kampuni ya mazishi.

•

Maureen alikuwa anakaanga mayai. Alisikiliza hadi mwisho bila kugeuka.

"Sasa tatizo liko wapi?" alisema. "Mwandikie. Mgongo hivi, kichwa vile. Umesoma shule ya jioni miaka minne mambo ya viumbe, utashindwa na maneno kumi?"

"Sikumwona, Maureen."

"Mbona ulishasema ulimwona?"

"Nilinakili alichoandika Ronnie. Nikanakili na neno alilokata."

Maureen aligeuka, kijiko cha kugeuzia mayai mkononi. Kidogo acheke. "Ukanakili na kosa. Maskini wewe. Hata uongo huujui."

Walikula. Nje mvua ilianza na kuacha. Edwin hakumaliza mkate wake, na mkewe akauvuta upande wake bila kuuliza.

"Usianze kujitafuna," alisema. "Umesahau Susan, mtoto mdogo vile, alivyokuwa anapumua? Kama mtu anapasua kitambaa. Barafu ilikuwa ndani ya kioo, Ed. Ndani, si nje. Tulishachoma mlango wa banda na kiti cha mama. Mimi ndiye niliyekwambia nenda. Kama ni dhambi, nusu yangu."

"Wewe hukupanda basi."

"Zamu moja! Ukaenda zamu moja, kesho yake ukashindwa kuinuka kitandani, ukarudi langoni na wenzako. Zamu moja katika mwaka mzima."

"Hawahesabu hivyo."

"Najua wanavyohesabu," alisema Maureen. "Ndiyo maana nakwambia andika."

Zamu ile ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa siku yake na Ronnie. Tangu mgomo uanze walikuwa wakikutana kibandani kabla ya jua, kwa kuwa kutazama ndege hakuhitaji kununua kitu, na mtu akiwa na darubini machoni hakumbuki tumbo. Siku ile Ronnie alimngoja gizani, akamngoja kulipopambazuka. Jioni alikuja nyumbani na daftari la kibanda ndani ya koti. Hakuvua kofia. Alisimama jikoni akamtazama Edwin usoni. Edwin alikuwa ameoga mara mbili, lakini vumbi la makaa halitoki kwenye kope kwa sabuni. Hubaki pale kama wanja. Baada ya miezi kumi ya mgomo hapakuwa na mwanamume mwingine mtaani mwenye wanja ule.

"Tia sahihi hapa," alisema Ronnie. "Saa mbili na nusu asubuhi ulikuwa na mimi. Tumeona ndege. Nitakuandikia alivyokuwa, wewe nakili."

"Ndege gani?"

Ronnie alipomtajia, Edwin aliketi. Kwa miaka tisa walikuwa wakimzungumzia ndege huyo kutoka kwenye picha moja ya kitabu cha maktaba, jinsi atakavyokuja siku moja akipeperushwa na upepo wa mashariki, na ni nani kati yao atakayemwona wa kwanza na kumshika mwenzake mkono bila kusema. Akatia sahihi. Katika miaka thelathini na minne iliyofuata Ronnie hakuligusia tena, hata alipokuwa amelewa, hata alipokuwa anakufa.

•

Kesho yake Edwin alikwenda kwa Beryl, mjane wa Ronnie, nyumba ya mwisho barabara ya mgodini. Njiani alikuwa amekwisha kuamua. Angeomba daftari la Ronnie la mwaka ule, alisome vizuri, kisha aandike kwa maneno yake mwenyewe, ndege yuleyule kutoka pembe nyingine. Angesema uongo, safari hii bila kunakili.

"Nani?" Beryl aliuliza kutoka ndani.

"Edwin."

"Ingia, shemeji, funga mlango. Unatoa joto nje."

Macho ya Beryl yalikuwa yameharibika katikati. Aliona pembeni tu, kwa hiyo alizungumza na mtu akiwa ameelekeza uso kwenye pazia. Edwin alimweleza shida ya kamati. Hakumweleza ile nyingine.

"Wamtoe?" Beryl alisema. "Ndege wa Ronnie? Wana wazimu? Yule mtu hakupata cheo, hakupata pesa, mgodi ulimlipa kwa kikohozi. Alipata ndege. Kwenye mazishi kasisi alisema mambo mawili tu ya kweli, na moja lilikuwa hilo."

"Ndiyo nimekuja. Wanataka kitu alichoandika siku ile."

"Viko chini ya kitanda, kwenye foronya. Piga magoti mwenyewe, mimi nikishuka siinuki."

Vilikuwa vidaftari arobaini na kimoja, vya ukubwa wa kiganja, vimefungwa kwa mipira iliyokatika ilipoguswa tu. Edwin aliketi kitandani. Mwandiko wa Ronnie ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Alikuta Januari, akakuta Alhamisi.

"Umepata? Soma kwa sauti," Beryl aliita kutoka sebuleni. "Sijasomewa kitu chake tangu afe."

Edwin alitoka na kidaftari, akasimama karibu na dirisha. "'Alhamisi. Barafu, hakuna upepo,'" alisoma. "'Saa mbili na dakika thelathini na tano. Upande wa kusini, juu ya matete, anachambua manyoya ya mbegu. Nilidhani ni kipande cha gome. Akageuka. Mgongo kutu, kichwa kijivu, kinyago cheusi kuanzia mdomoni hadi nyuma ya jicho. Miguu kahawia,' imekatwa, 'nyeusi. Alining'inia kichwa chini. Alilia mara mbili, sauti nyembamba ya kuvuta. Dakika sita. Akaruka kuelekea mgodini.'" Palikuwa na mchoro, ndege wa urefu wa ukucha, kashika bua, na chini yake mstari mmoja.

Akakishusha kidaftari.

"Ndiyo mwisho?"

"Kuna mchoro."

"Na nini tena? Shemeji, nimeishi na mtu yule miaka hamsini. Hakuwa mtu wa kumaliza ukurasa kwa mgodi. Soma."

Edwin alisoma. "'Ed hayupo. Angempenda huyu kuliko mimi.'"

Saa ya ukutani ilisikika, ya zamani yenye mlio mzito, ambayo hata yeye aliisikia. Uso wa Beryl ulikuwa kwenye pazia.

"Hayupo," alisema hatimaye. "Kumbe hukuwepo."

"Sikuwepo."

"Ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi."

"Nataka nikusikie wewe."

"Nilikuwa chini. Zamu ya asubuhi. Siku moja."

Beryl alipapasa meza hadi akapata kikombe chake, akakishika bila kunywa. "Kaka yangu aliuza pete ya ndoa ya mama," alisema. "Akauza na godoro. Hakurudi hata siku moja, na mtoto wake alikuwa mgonjwa kama wako." Akapumua. "Na Ronnie aliniambia mlikuwa wote. Mimi, mke wake. Siku ile alirudi na ndege wa maisha yake akakaa hapo ulipo wewe kama mtu aliyefiwa. Nikamwuliza, vipi, hufurahi? Akasema ni baridi."

"Beryl, naomba..."

"Usiniombe kitu. Chukua daftari. Sijui utafanya nini na sitaki kujua. Lakini ndege wa mume wangu asifutwe. Umesikia? Asifutwe."

•

Maureen alivaa miwani, akausoma ukurasa chini ya taa ya jikoni, mara mbili.

"Basi tumepona," alisema. "Hiki ndicho wanachotaka. Kimeandikwa palepale, kina mchoro, kina saa. Kwa huu, ndege anabaki hata bila maneno yako."

"Soma chini."

"Nimesoma chini." Alifungua droo akatoa mkasi, akauweka mezani kati yao. "Mstari wa mwisho kabisa, Ed. Chini yake ni ukingo wa karatasi. Ukikata hapo nani atajua? Panya hula karatasi, karatasi huoza."

Edwin aliuchukua mkasi. Aliulaza kwenye ukurasa, akapima. Ungekatika vizuri. Ndege angebaki upande mmoja na bua lake, na yale maneno sita yangebaki upande mwingine, kipande chembamba cha kutia mfukoni.

"Nitakiweka wapi?" aliuliza.

"Kitu gani?"

"Kipande."

"Utakichoma. Utakiweka wapi tena?"

Alikaa na mkasi mkononi. Alikuwa amesoma vitabu vingi maishani, vingine mara tatu kwa sababu mara ya kwanza hakuvielewa, na hakukumbuka kuwahi kusoma mahali popote mtu akimwambia yeye, Edwin, kitu. Ronnie alikuwa peke yake kwenye baridi, dakika sita, na ndege ambaye wote wawili walimngoja miaka tisa. Mtu mwingine angemtazama ndege tu. Ronnie alitazama na mahali patupu kwenye benchi.

"Nimekaa pale kila majira ya baridi," alisema. "Unadhani huwa natazama nini? Natazama matete ya kusini. Akija mmoja tu, nikamwona kwa macho yangu, nilidhani yatakuwa yamelipika. Ningesema, haya, sasa ni kweli, nimemwona. Hakuja. Na sasa hata akija akaketi juu ya paa la kibanda akalia siku nzima, mimi simsikii."

"Ed."

"Alitaka niwepo. Ndiyo maana aliandika jina langu, Maureen. Siku zote nilidhani aliandika kwa huruma."

Maureen alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kugawa chakula cha shule kwa watoto mia tatu. "Kitabu kinawekwa kibandani. Walter atasoma. Kama hatasoma atasomewa. Utakuwa unakaa na nani? Na mimi nikienda dukani, watanipisha upande gani wa barabara? Umefikiria hilo, au ulifikiria ndege tu?"

"Nimefikiria. Ukisema nikate, nakata."

Alimsogezea mkasi. Maureen aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha kwenye droo, akaisukuma droo kwa nyonga kwa sababu huwa inakwama.

"Nilishakutuma mahali mara moja," alisema. "Sikutumi tena. Kalamu iko nyuma ya saa."

Edwin aliandika hadi karibu na taarifa ya habari ya jioni. Alifanya nakala ya kwanza, akasahihisha, akaandika safi.

*Ndugu Lathom,*

*Uliniomba maelezo ya ndege kwa maneno yangu. Sina maneno, kwa sababu sikuwa kibandani. Asubuhi ile nilikuwa chini ya ardhi nikifanya kazi, wenzangu wakiwa mgomoni. Nilikwenda siku hiyo moja. Ronnie Aspinall aliandika jina langu ili kuninusuru, na mimi nikatia sahihi, kisha nikanakili maelezo yake.*

*Ninakutumia ukurasa wake alioandika palepale. Utaona kwamba alimwona ndege, na utaona kwamba mimi sikuwepo. Yote mawili yameandikwa kwa penseli moja. Ukiamini moja, amini na la pili. Nilimjua miaka arobaini na mitatu, na hakuwahi kuongeza hata bata mmoja kwenye hesabu.*

*Najua kanuni ya zamani ilidai mashahidi wawili. Naomba kamati ifikirie kwamba mtu anayetaka kudanganya asingeandika mstari ule wa mwisho. Ndege abaki. Jina langu litoke. Ukurasa ukishatazamwa, tafadhali urudishwe kwa Bibi Beryl Aspinall, asomewe.*

*E. Threlfall*

•

Asubuhi ya Ijumaa Walter alikuwa amesimama kwenye kona ya barabara, karibu na sanduku jekundu la posta, chupa ya chai kwapani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Unachelewa, bwana. Nilidhani umekufa, nikawa naanza kutafuta koti jeusi."

"Nilikuwa na barua."

"Ya ndege? Umewaambia ulichoona?"

"Nimewaambia." Bahasha ilikuwa mkononi, kifuniko wazi. Edwin hakuwa ameifunga nyumbani, na alipotoka mlangoni alijiambia kwamba ni kusahau. "Isome."

"Mimi? Mambo ya mikia na midomo, nitaelewa nini?"

"Isome, Walter."

Walter aliweka chupa ya chai juu ya ukuta, akatafuta miwani mfuko huu na ule. Alisoma kwa midomo, kama walivyosoma wanaume wengi wa mgodini. Alisoma barua, kisha akatoa ukurasa mdogo wa penseli, akausogeza mbali na macho, akausoma nao. Gari la maziwa lilipita. Mwanamke mmoja akawasalimia, na hakuna aliyeitikia. Edwin alitazama mikono ya Walter, minene, yenye alama za bluu chini ya ngozi mahali makaa yalipoingia na kubaki.

"Nilitaka uisikie kwangu," alisema Edwin. "Kabla ya kuikuta kitabuni."

Walter alikunja barua kwenye mikunjo yake ileile. Aliweka ukurasa ndani yake, taratibu, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya zamani, akarudisha vyote ndani ya bahasha. Bata bukini walipita juu wakielekea majini, mstari mrefu uliovunjika mahali pamoja, na Walter hakuuliza ni ndege gani. Alichukua chupa yake ukutani. Alipiga hatua mbili tatu kuelekea Crannock Moss, akasimama, mgongo wake kwa Edwin.

"Bahasha hujaifunga," alisema. "Mvua inakuja."

Akaenda. Hakugeuka, wala hakuongeza mwendo.

Edwin alibaki kwenye kona hadi kofia ilipopotea nyuma ya uzio. Matone ya kwanza yalianguka kwenye anwani, na herufi ya kwanza ya jina la Lathom ikaanza kuvimba. Akaigeuza bahasha, akalamba gundi kutoka ncha hadi ncha, akaibandika na kuibonyeza kwa kiganja juu ya ukuta wa baridi hadi ikashika. Ilikuwa nene, na mdomo wa sanduku ulikuwa mwembamba. Ilimbidi aisukume kwa vidole viwili, na ilipodondoka ndani, aliisikia.